Tumbawe la Kijani Ulilotuachia Makambako

Mpendwa Baba Neema,

Kamwene. Huko uliko naamini hakuna baridi. Hapa Makambako Juni imeingia na ukungu wake, na kila umeme unapokatika nalifunika tangi lako la samaki kwa blanketi letu la harusi. Unakumbuka nilivyokulalamikia? "Samaki wapate blanketi, mimi nipate nini?" Ukacheka, ukanivika koti lako la safari, linanuka dizeli. Koti hilo alilichukua kaka yako siku ya kugawa nguo zako, nami nikaona aibu kuliomba.

Siku ulipolishusha tangi kutoka kwenye lori nilidhani umerukwa na akili. Daktari mmoja wa Dar uliyembebea vyombo alikuwa anahama nchi, akakupa vioo, pampu, mawe, samaki wawili na matumbawe mawili yaliyo hai. Bahari, sebuleni kwetu! Jirani akauliza samaki watakuwa tayari kuliwa lini. "Hawa ni wa kutazama, shemeji," ukamjibu, naye akaondoka akitikisa kichwa.

Tumbawe moja lilikuwa la kahawia, lina mikunjo, halikui hata ulitazame mwaka mzima. "Huyu ndiye wewe," ulisema. "Hana haraka, lakini hang'oki." La pili lilikuwa la kijani, limetanda juu ya jiwe kama zulia. Hilo hukuliamini. Uliliweka kwenye jiwe la peke yake, ukapanua kiganja chako na kupima mchanga mtupu kulizunguka. "Likishika jiwe la mwenzake litamfunika mpaka afe. Mchanga unalichelewesha." Nikakwambia una roho mbaya, kukitenga kiumbe namna hiyo.

Ulipofariki sikuligusa. Niliona kila ulichokiweka kwa mkono wako kiachwe kikue. Samaki wakachimba mchanga, jiwe likateleza likaegemea la mwenzake, na mimi natazama tu. Kijani kilipofika kwenye mikunjo ya lile la kahawia ndipo nikashtuka, nikashika kisu. Na hapo, mume wangu, Mbena akafanya Ubena wake. Nikapalilia kama ninavyopalilia kinyungu changu, kishamba changu cha mboga kule bondeni: nikakwangua, nikaviacha vipande mle mle vioze, vilete rutuba. Si magugu huwa tunayafukia kwenye tuta? Wiki chache baadaye kila kipande kilikuwa kimeshika mahali pake. Tangi zima kijani. Lile la kahawia sikuliona tena.

Nililia, Baba Neema. Msibani sikulia hivyo, maana msibani kulikuwa na watu wa kupikia. Neema akapiga simu kutoka Njombe: "Mama, yamwage hayo maji, uje ukae na sisi." Nikamwambia simwagi. Binti yako akasema, "Haya, mama. Lakini usikae unalia peke yako."

Jumamosi nikazima pampu, nikavaa glovu zako, nikayatoa mawe moja moja na kuyaweka kwenye beseni la maji ya tangi. Kijani kikabanduka kama ukoko wa ugali. Safari hii hakuna kilichobaki majini. Hata vipande vidogo nilivisugua kwa mswaki na kuvitupa nje. Chini yake, lile la kahawia lilikuwepo. Upande mmoja umekuwa mweupe, mfupa mtupu. Upande wa pili bado una rangi, na jioni nilipolisogezea chakula lilifungua mdomo. Nilikaa chini sakafuni nikakushukuru kwa sauti.

Kipande kimoja cha kijani kilinishinda kukitupa. Kilikuwa chako. Nimekiweka kwenye jiwe lake, nikakipimia mchanga kwa kiganja, kama ulivyofanya. Kiganja changu ni kidogo kuliko chako, najua, na kijani kitavuka mapema. Basi itanibidi kila mara nizamishe mkono mle nikirudishe nyuma, pale pale ulipokuwa ukizamisha wako.

Sioni tabu. Lala salama, mume wangu. Sijang'oka.

Wako asiye na haraka,
Mama Neema