Marobota Niliyoyatupa

Baba yangu,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ndivyo ulivyonizoesha: sina neno la kukuambia kabla sijakuamkia. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sikulisema ukiwa hai, na nilikaa nalo miezi saba humu humu ndani, chumba changu na chako vikiwa vinatazamana.

Unakumbuka ulivyofika hapa Kitete kutoka Usinge? Mguu mmoja umekatwa kwa ajili ya sukari, begi moja la nguo, na lile kasha la mbao la kushindilia tumbaku. Uligoma kuondoka stendi mpaka ulione limeshushwa. Nikakwambia, "Baba, kuni hizi za nini mjini?" Ukacheka tu. Maisha yako yote ulikuwa umefunga marobota ya tumbaku kwa kasha lile.

Wiki ya tatu ukaniomba majani makavu ya mpunga. Nikasema moyoni, haya, uzee umeanza. Nikakuletea guta zima kutoka mashamba ya Ntalikwa. Ukakaa kwenye kiti chako, ukayashindilia kashani, ukayafunga kamba, ukatoa robota moja baada ya jingine mpaka yakawa sita, yamejipanga ukutani. "Kuinama siwezi tena," ukasema, "basi shamba na liinuke linifuate." Mchicha, nyanya, ngogwe, vyote vingeota juu ya majani yale, usawa wa mapaja yako, bila jembe, juu ya uwanja wangu wa saruji. Siku niliposhindwa kusogeza robota moja lililolowa maji ulinitania, "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu toka hapa mpaka pwani, wewe majani yanakushinda?" Tulicheka mpaka nikaliachia.

Kila asubuhi uliyamwagia maji na mbolea ya mbuzi, ukayaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama majirani zako wa shambani, kisha ukatumbukiza mkono katikati. Siku moja ulinishika mkono ukautia na wangu. Nikaruka! Ndani kulikuwa kunachemka. "Yana homa," ukasema. "Homa ikishuka ndipo tunapanda. Ukiwa na haraka unaunguza mizizi." Miche yako ilikuwa inangoja kwenye makopo. Sikuwa nimekuona na uso ule wa furaha tangu mama afariki.

Kisha ukalazwa siku nne, na Jumapili yake ilikuwa komunio ya kwanza ya mwanangu Neema. Marobota yalikuwa yameota uyoga mweusi, na yananuka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akasimama mlangoni akaziba pua. "Wageni watakula hapa kweli?" Na mimi na usafi wangu, unanijua. Hospitali ipo hapa hapa Kitete, na jioni nilikuletea chakula, lakini sikukuuliza. Niliita mtu wa toroli. Yote sita yakaenda jalalani, na makopo ya miche juu yake. Tukafunga turubai, tukapamba kwa kamba za njano na nyeupe, watu wakala, wakausifia uwanja.

Uliporudi Jumanne ulisimama na magongo yako, ukatazama pale ukutani.

"Pamekuwa safi," ukasema.

"Baba, yalikuwa yameoza."

"Kuoza ndiyo kazi yake, mama."

Ukaingia ndani. Nilipokuletea uji ukasema, "Hamna neno," ukaunywa wote. Heri ungenifokea. Tangu siku ile sikutamka tena neno robota mbele yako. Nilijiambia ameshasahau, mzee wa watu, ana redio yake. Uongo mtupu. Nilikuwa naona haya, basi.

Wiki moja baada ya kukuzika nilitaka kuligawa lile kasha. Nikalifungua. Ndani nikakuta kamba, vipande kumi na viwili, viwili kwa kila robota, vyote urefu mmoja. Za njano na nyeupe. Jamani, baba! Ulikuwa umeokota kamba za sherehe yangu, ukaziunga fundo kwa fundo chumbani kwako, ukangoja niseme nakwenda Ntalikwa kuleta majani. Miezi saba unangoja. Wewe hukutaka kuomba mara ya pili, na mimi sikuwa na uso wa kukuuliza. Nilikaa chini kwenye saruji nikalia mpaka sauti ikakauka.

Nimeyafunga upya, sita, kwa kamba zako. Mawili yamepinda, ungenicheka. Siku ya tano nikapanda kwa pupa yangu, miche yote ikaungua, nami nilikuwa nimeambiwa. Nimeotesha mingine kwenye makopo.

Keshokutwa ndugu wanakuja kwa misa yako ya arobaini. Uyoga umeota tena, mweusi ule ule, harufu ile ile. Leo wifi amefika mapema kusaidia kupika. Akasimama mlangoni, akaziba pua.

"Haya nayo hamyatoi? Turubai litafungwa wapi?"

"Barabarani," nikamwambia. "Hapa ni shambani kwa baba."

"Lakini wifi, si yameoza?"

"Kuoza ndiyo kazi yake."

Akanitazama, akaenda kuchambua mchele. Mimi nikabaki pale, nikayaamkia kwa Kinyamwezi changu kibovu, nikatumbukiza mkono. Nisamehe, baba. Nilipaswa kulisema ile Jumanne, ukiwa umesimama na magongo yako.

Pumzika. Homa bado ipo kidogo, na safari hii sina haraka.

Ni mimi binti yako,
yule uliyemwita mama