Kitabu Chako cha Wageni Kisichapishwe Kwanza

Kwa mjukuu wangu Kidomo,

Salamu zangu zikufikie huko bara ofisini kwako. U mzima? Kifua kimeacha kukubana? Mimi sijambo, nakula, nalala, na uzi bado natunga kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo usiniandikie tena kwa maherufi makubwa kama ya ubaoni. Niliishia darasa la tatu, lakini kusoma najua.

Kitabu chako cha kukaribisha wageni kisiwani nimekipata. Picha nzuri. Umeandika eti kisiwa chetu ndio mkoa mdogo kuliko yote, mtu anauzunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Chai gani hiyo, ya kwenye pipa? Ni mwendo wa saa tatu, na mwenye tumbo kama la mkuu wako wa kazi ataongeza moja. Rekebisha.

Mengine ni maneno yangu, umeyaweka kama nilivyokuandikia: mgeni ashuke gatini, afuate harufu ya mkate mpaka kwa mwokaji, akate kushoto penye benchi la fundi saa, apande mtaa wa mawe hadi mnara wa taa. Niliposoma, nilimwona babu yako kwenye lile benchi, kofia magotini, anajifanya kaleta saa, kumbe ananivizia mimi nikitoka kununua mkate. Saa yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote. Miezi minne fundi anaifungua na kuifunga, mwishowe akamwambia ama aoe, ama akae benchi la mtu mwingine.

Sasa sikiliza. Juzi mume na mke, wageni, walipita chini ya dirisha langu mara tatu, nakala ya majaribio ya kitabu chako mkononi, kama hii yangu. Mara ya nne nikawapigia kelele, nikawauliza wamepoteza mbuzi? Wakasema wanamtafuta mwokaji. Nikawaambia watu wazima ovyo, kitabu kimesema fuata harufu. Yule mke akajibu kwa adabu kwamba harufu hakuna, pale panauzwa simu, benchi halipo, na mnara una kufuli.

Nikamwita jirani yangu fundi cherehani, anayeniletea mkate kila asubuhi, aje awaumbue. Akainamisha kichwa. Akasema mwokaji alifariki, mwaka wa pili huu. Mkate wangu unakuja na feri ndani ya mfuko wa plastiki, naye anautoa huo mfuko kabla hajapanda ngazi, maana aliona habari ile itaniumiza. Na mimi muda wote namlalamikia kwamba mwokaji siku hizi anakanda kama mgonjwa! Naye ananijibu, ndiyo bibi, amezeeka. Nilimtukana mpaka wageni wakaona haya. Kisha nikalia, na hilo usimwambie mtu.

Kidomo, kosa si la fundi cherehani wala si lako. Kila barua nilikuandikia leo nimeshuka gatini, jana nimepumzika kwenye benchi. Uongo mtupu. Tangu nilipoanguka ngazini, nikakwambia mguu umeteguka kidogo tu, sijakanyaga nje. Mwaka wa nne huu. Ulipokuja ulinikuta nimeketi, ukaniacha nimeketi, hukuuliza. Kisiwa nilichokupa ni cha kichwani mwangu. Nilinyamaza kwa sababu nakujua, na mama yako namjua zaidi: mngekuja na feri ya kwanza mkanibeba, mkaniweka chumba cha nyuma huko bara nitazame ukuta.

Umesema Ijumaa kinakwenda mtamboni, vitabu elfu tano, jina lako mbele. Kizuie. Mwambie mkuu wako bibi yako amekudanganya, nami sitakana.

Halafu njoo. Usije na sanduku la kunifungia nguo. Njoo na mtu mwenye mkono wa nguvu. Ngazi ni kumi na saba. Wewe unishike huku, yeye kule, fundi cherehani atangulie chini na kiti. Nataka kuliona hilo duka la simu kwa macho yangu, ndipo nikwambie uandike nini.

Nisalimie mama yako. Barua hii umsomee akiwa ameketi.

Ni mimi bibi yako, ambaye hapelekwi popote kabla hajashuka mwenyewe.