Binti wa Mkunga na Watoto wa Konokono

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia kwenye simu kwamba umerudi kupanda ngazi kama msichana, na ukikatazwa unajifanya hujasikia. Nikacheka, nikasema basi huyo amepona. Sisi huku wazima. Mkwe wako anahangaika na friji za watu kama kawaida. Ya kwetu ndiyo haigandishi, si unawajua mafundi.

Uliuliza kama bado nashinda na konokono pale makumbusho. Bado. Sasa tumeletewa wageni waliotolewa chini kabisa ya bahari, kusikofika jua, kwenye chemchemi za maji ya moto. Wamekuja kwenye chupa za spiriti, weusi, wakubwa kama ngumi ya mtoto. Kazi yangu ni kuwasafisha na kuwakata vipande vyembamba ili mkuu wetu, tunayemwita Miwani, ajue wanazaaje.

Basi sikia nilichofanya. Mmoja alikuwa na mkunjo mguuni, umejaa chembechembe. Nikasema mchanga huo. Nikachukua brashi na maji, nikamsugua mpaka akatakata. Miwani akapita, akachungulia chujio la sinki, akaniuliza kwa upole nimefanya nini. Tukaziweka zile chembe chini ya hadubini. Mama, walikuwa watoto! Kila mmoja na vinywele vyake vya kuogelea. Kumbe huyu mama huwabeba wanawe kwenye mfuko wa mguuni mpaka wawe tayari kwenda. Walishakufa zamani kwenye spiriti, lakini moyo uliniuma. Binti wa mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, namwaga watoto kwenye sinki! Wenzangu hawajaacha kunicheka. Nikishika brashi tu, wananiuliza kama nimeshamwita mkunga.

Ila aliyenikaa moyoni ni yule wa chupa ya pili. Anaishi chemchemi hiyohiyo, lakini habebi. Wanawe huwaachia majini wangali wadogo mno, na Miwani anadhani hupanda juu, wakila njiani na kuchukuliwa na maji, pengine mbali sana. Nikasema huyo mama ana roho ngumu. Miwani akanionya nisimhukumu haraka: chemchemi zile hazidumu, siku moja moto huzimika na wote waliobaki hufa. Anayefika kwenye chemchemi nyingine, akikuta joto na chakula, hushika hapohapo, hujenga gamba lake, akawa wa hapo. Jioni nilimsimulia mkwe wako. Akaniambia niache kuzungukazunguka, nikuandikie.

Mama, kila barua unauliza lini, nami najibu Mungu akipenda. Ukweli ni kwamba daktari alishatuambia haitawezekana. Nimelia mpaka nimechoka kulia. Mwaka jana nilipogusia kulea mtoto wa kituoni, ulisema damu nzito kuliko maji, ukabadilisha mazungumzo. Ndiyo maana nikanyamaza. Lakini tunaye. Alianza kukaa nasi kwa majaribio, na mwezi huu hakimu ametukabidhi moja kwa moja. Ana miaka mitatu, wazazi wake wametangulia mbele ya haki. Tunamwita Bosi kwa sababu anapanga skrubu za mkwe wako kwa ukubwa, na ole wake atakayezivuruga. Siku za mwanzo alilala ameshika viatu vyake, tayari kuondoka. Juzi nimevikuta mlangoni, kando ya vyetu.

Sikuombi ruhusa, maana ni wangu tayari. Nakuomba wewe. Huyu hukumpokea akizaliwa, na mimi sikuwepo, lakini si ulinifundisha mwenyewe kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo? Nina furaha, Mama, na furaha hii bila wewe ina pengo.

Jumamosi tunakuja na basi la asubuhi. Msalimie dada, umwambie afunge mbwa. Bosi anamwogopa mbwa ingawa hakubali. Mkwe wako anakuamkia. Na Bosi tangu jana anajifunza neno moja, analirudia hata bafuni. Akifika mlangoni akakuita Bibi, tafadhali, Mama, mwitikie.

Ni mimi kitindamimba wako,
ambaye sasa ni mama wa mtu.