Gari Langu Halikumkataa Bibi Harusi

Jumanne, Oktoba 2015. Kasese.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nane mchana, na sasa jua linawaka kana kwamba halikuwahi kuondoka. Nina matope mpaka magotini na sioshi kitu kabla sijaandika.

Nimekasirika. Nimewakasirikia watu, nimejikasirikia mimi zaidi, na bado kesho nitaamka niendeshe gari langu.

Wacha niandike wazi, maana najua Bwera nzima imeshaambiwa vingine. Jumamosi iliyopita nilimbeba bibi harusi, Mbambu, kutoka kwao Munkunyu kwenda kanisani Bwera. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza. Kwenye kona ya mteremko, tukishapita Kinyamaseke, gari liliteleza upande wa nyuma, likazunguka, likasimama ndani ya matete. Hakuna aliyeumia. Shela haikuchanika hata uzi mmoja.

Ila pua ya gari ilikuwa inatazama Munkunyu. Kwao.

Shangazi yake alikuwa amejibana kiti cha nyuma, magoti karibu na kidevu, na yeye ndiye aliyesema kwanza. "Uyu mutoto amerudishwa uso kwao. Gari imemukataa." Alisema kwa sauti ya kanisani, na waendesha boda waliosimama kutusaidia wakasikia. Tulipofika Bwera, habari ilikuwa imetutangulia na imeshanenepa njiani.

Ndoa ilifungwa. Watu walikula. Lakini nyimbo zilikuwa za shingo upande, na mama mkwe hakucheza.

Kwa wasiolijua gari langu: ni jekundu, lina milango miwili, ni la chini, na limetengenezwa Japani kwa ajili ya watu wenye haraka na barabara nzuri. Nililinunua kwa mhandisi mmoja wa migodi aliyekuwa anahama. Siku za kazi linakaa mbele ya duka langu la fotokopi. Jumamosi linabeba maharusi. Mwanamke, tena binti wa Mkenya wa kiwanda cha saruji, tena hana mume, tena ndani ya gari la namna hiyo! Yameshasemwa yote. Baba yangu huyasema kila Jumapili kwa simu, akimaliza kuuliza kama nimekula. "Nekesa, uza hicho kitu, ununue gari la watu." Mimi nacheka, namwambia na mimi ni mtu.

Sasa matairi.

Magari mengi ya abiria ya huku huvutwa na magurudumu ya mbele. Langu husukumwa na ya nyuma. Aliyewahi kusukuma toroli lenye mchanga kwenye tope anajua ninachosema. Ukiwa na viatu vizuri, unapita. Ukiwa na ndala, mguu unakutoka, na toroli linakugeukia. Kwa gari kama langu, matairi ya nyuma ndiyo viatu.

Na mimi nililivisha ndala.

Matairi ya zamani ya nyuma yalikuwa yamelika, hilo ni kawaida, yanayosukuma ndiyo huisha mapema. Nikaingia kwenye duka moja nikayaona mawili mapya, bei ya kutupa, jina ambalo sijawahi kulisikia kabla wala baada. Mapana. Meusi ti. Herufi nyeupe ubavuni. Nitasema ukweli wote kwa sababu ndiyo maana nina shajara: niliyanunua kwa ajili ya picha. Nilijua bibi harusi akisimama kando ya gari, yale maandishi meupe yatang'aa. Ya mbele sikuyagusa, yalikuwa bado ni yale mazuri laini niliyoachiwa na mhandisi.

Muhindo, fundi wa matairi pale Bwera, ndiye aliyenifungia. Aliweka ukucha wa kidole gumba kwenye mpira akabonyeza. Akahamia tairi la mbele akabonyeza tena. Kisha akaniangalia. "Dada Nekesa, hii iko ngumu sana. Kwa jua itakubeba. Kwa mvua itakukana." Nikamwambia afunge, nina harusi. Nikamwambia na kucha zake azikate.

Yaani nilimcheka!

Wiki nzima gari liliniambia pia, nami sikusikia. Zamani nilikuwa nikiugusa usukani, gari limeshaelewa. Sasa mbele liliitika upesi, na nyuma likaitika baadaye, kama mtu unayemwita mara mbili. Kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini, mchana kweupe, lami kavu, mkia ulinitoka kidogo nikaurudisha. Nikajisifu. Nikadhani ni ufundi wangu. Breki nazo zilianza kuchukua hatua mbili zaidi kabla ya kusimama, nikajiambia matairi ni mapya, yatazoea barabara. Matairi hayazoei barabara. Mpira mgumu ni mpira mgumu.

Mbaya zaidi, mbele kukishika na nyuma kukiteleza, gari la kusukumwa na nyuma halina njia nyingine isipokuwa kuzunguka. Laiti yote manne yangekuwa mabovu ningekwenda taratibu, maana lingekuwa zito hata kukata kona. Ya mbele yalinidanganya kwamba nimeshika barabara.

Kwa hiyo Jumamosi niliingia ile kona. Sikukimbia, naapa. Lami ilikuwa na ule utelezi wa mvua ya kwanza, vumbi na mafuta vikichanganyika. Shangazi akapiga yowe kwa sababu ya mbuzi ambaye hata hakuwa barabarani, nami nikaachia mafuta ghafla. Hilo nalo ni kosa langu. Uzito ukaenda mbele, nyuma ikawa nyepesi, mkia ukatoka. Niligeuza usukani kuufuata, ukarudi, ukapitiliza upande wa pili, na hapo nikawa abiria kama wao. Matairi mazuri yangenisamehe ule mguu. Haya hayakusamehe kitu.

Hayo yote ningeweza kuyasema pale pale, mvuani.

Sikusema.

Watu walipotuzunguka wakauliza imekuwaje, niliona nyuso za wale vijana wa boda, zimekaa tayari kumcheka dereva mwanamke. Shangazi alikuwa ameshasema la kwake. Nami nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Hata mimi sijui. Ni kama kuna kitu kimelisukuma."

Ni kama kuna kitu kimelisukuma. Niliokoa jina langu kwa sentensi moja, nikamtupia lawama msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekaa kando yangu akishikilia maua.

Jana mchana Mbambu alinipigia. Alikuwa nyuma ya choo, ananong'ona. Tangu Jumamosi, mama mkwe hamruhusu kugusa kitu. Akishika ufagio, ananyang'anywa kwa upole. Akikaribia jikoni, anaambiwa akae. Anapewa kiti kizuri na chai, kama mgeni anayesubiri gari la kurudi. Alhamisi wazee wa ukoo wanakaa, na wameshaambiwa watakachoamua: arudi Munkunyu kwanza, mpaka ijulikane ni nini kilimgeuza. Bwambale, mumewe, anampenda. Lakini Bwambale mbele ya mama yake ni kimya tu.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama kweli nilihisi kitu kikisukuma, kwa sababu hata yeye ameanza kujiuliza amemkosea nani.

Sikulala vizuri, na sitaandika zaidi ya hapo.

Leo asubuhi nilifunga duka, nikaenda Bwera mwendo wa kinyonga, lori za chumvi kutoka Kabatoro zikinipita na kunipigia honi. Wapige. Nilianzia kwa Muhindo. Nilimwamkia vizuri, nikamwambia alikuwa sahihi, nikamwomba ayatoe yale mawili. Hakunicheka, na ningependa angecheka. Alinitafutia mawili yaliyotumika, ya jina linalojulikana, mistari bado ina kina, mpira laini. Moja la yale mapya nikalitia kwenye buti.

Sikungoja Alhamisi. Kila mtu anajua kikao kingesema atakachosema Mama Bwambale, basi nikaenda kwa Mama Bwambale.

Alikuwa barazani anachambua mchele. Mbambu alikuwa kwenye kile kiti chake kizuri, mikono mapajani. Bwambale alisimama ukutani akitazama viatu vyake. Nilipiga magoti uani kuamkia, kwenye tope, maana heshima ni heshima hata ukiwa na hasira. Kisha nikafungua buti, nikalibingirisha lile tairi mpaka miguuni pake.

Nilimwambia, "Mama, hiki ndicho kilichomgeuza Mbambu."

Alilitazama. Akanitazama. "Tairi mupya hivi? Mutu anaendesha vizuri, gari inazunguka bure? Hapana, binti. Iko kitu."

Nikamwomba abonyeze ukucha. Nilidhani atanifukuza. Lakini huyu ni mama aliyechagua kahawa miaka yote, anajua kujaribu kitu kwa kidole. Alibonyeza. Hakuna alama. Akabonyeza tena kwa nguvu, ni kama tairi limemtukana. Hakuna. Nikampeleka kwenye gari, akainama akabonyeza la mbele, na ukucha ukaacha mwezi mdogo kwenye mpira. Akabonyeza la nyuma alilofunga Muhindo leo. Mwezi mwingine. Nikamweleza habari ya toroli na ndala. Alikuwa amevaa ndala. Aliziangalia.

Halafu akauliza maswali matatu, na sitayasahau.

"Fundi alikuambia?"

"Aliniambia, mama."

"Na ukaweka mutoto ya watu ndani?"

"Nilimweka."

"Na Jumamosi ulisema kitu ilisukuma gari. Mimi nilisikia watu."

"Nilisema. Nilidanganya. Niliogopa mtasema mwanamke hajui kuendesha."

Mvua ilikuwa imepungua, nilisikia matone ya batini tu. Mbambu alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mimi nilibaki nimesimama wima. Nilikuwa nimeshapiga magoti ya salamu, ya hofu sikuwa nayo.

"Basi kitu iko wewe," Mama Bwambale akasema.

Ni mimi. Siwezi kubishana na hilo na sitaki.

Aliniambia sitabeba tena bibi harusi wa Bwera, atalisema kanisani Jumapili mbele ya wamama wote, na kwa ninavyomjua naongeza kwamba atalisema hata sokoni. Nikasema sawa. Aliniambia nimshukuru Mungu kwamba hana fimbo karibu. Nikasema sawa. Aliniambia, kama nina akili, niliuze hilo gari.

Hapo nikasema hapana.

Nilimwambia, kwa adabu yote niliyofundishwa, kwamba gari halina mkosi na halikumkataa mtu. Lilivalishwa vibaya na mtu mwenye majivuno, likafanya lilichoweza. Mwenye majivuno amekuja, amesema. Gari siuzi na usukani siachi. Wakitaka kumcheka dereva mwanamke, sasa wana sababu ya kweli, wacheke, lakini wamwache Mbambu.

Aliniangalia. Sijui aliona nini. Sikuinamisha macho.

Halafu akageuka, akanusa hewa, akapaza sauti kuelekea kile kiti kizuri.

"Mbambu! Maharage inaungua, na wewe unakaa kama mugeni? Nani atageuza? Mimi?"

Mbambu hakutembea. Alikimbia. Alipoteza ndala moja uani na hakuirudia, akaingia jikoni, na tukasikia mfuniko ukianguka na mama mkwe akimkaripia kwa mfuniko, na kwa moshi, na kwa kuni alizozisukuma vibaya. Bwambale aliinua uso kutoka kwenye viatu vyake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Sijawahi kusikia mtu akigombezwa nikafurahi namna ile.

Hakuna aliyeniaga. Niliingia kwenye gari nikaondoka.

Simu imeshaanza. Familia mbili zimefuta oda ya gari kwa harusi zao za Novemba, moja kwa ujumbe, nyingine kwa kunikatia simu. Baba naye amesikia, sijui kwa nani, na ameniambia "nilikuambia" kwa lugha tatu. Wacha waseme. Nimesema langu kwa sauti yangu, na nimeliandika hapa kwa jina langu, asije mtu akaniongezea wala kunipunguzia.

Jumamosi hii sina bibi harusi. Nitaliosha gari, nitavaa gauni langu la bluu, nitapita Bwera polepole vioo vikiwa wazi. Nitajibeba mwenyewe.