Masikio ya Gitaa la Baba

Kwako Kaka,

Kabla hujafungua zipu ya mfuko huu, nakusihi soma barua hii mpaka mwisho. Nimemwomba dereva wa mizigo akukabidhi barua kwanza, mfuko baadaye.

U hali gani? Na wifi yangu, kifua kimeacha kumbana? Huku tu wazima. Goti la mama limepungua uvimbe, ila ulimi wake haujapungua chochote. Jana alimwambia mpangaji wa nyuma kwamba anapiga mswaki kama anayesugua sufuria.

Sasa habari zenyewe. Uliniuliza kama ununue gitaa la bei ya kati kama langu la buluu, au urekebishe lile jeusi alilokuachia baba, ukanitumia nilikague. Niliyaweka yote mawili juu ya meza ya karakana, kati ya redio za watu, nikayapima kwa siku tatu. La kwangu shingo yake imenyooka, na nyuzi zikikazwa asubuhi, jioni bado zimekaza. Ila sauti yake ni ya kawaida, haina uovu wala wema. La baba rangi imebanduka na nyuzi zinalegea kila baada ya nyimbo mbili, lakini zile sumaku mbili zinazonasa sauti, alizozisokotea nyaya kwa mkono wake, hazina mfano. Ndiyo sauti iliyomvuta mkuu wa bendi ya hoteli. Alikuambia wazi kwamba Jumamosi anataka kuisikia hiyo hiyo, la sivyo nafasi anampa mwingine.

Nikakushauri usinunue jipya. Rangi na vitufe vya kung'aa ni mapambo tu. Nawe ukaniandikia nibadilishe masikio, mengine nisiguse.

Kaka, hapa nyumbani masikio ni zile sumaku. Baba ndiye aliyeziita hivyo, kwa kuwa ndizo zinazosikia nyuzi. Huko kwenye bendi zenu masikio ni vile vikazio vya nyuzi kichwani mwa gitaa, kwa kuwa vinachomoza pembeni. Nikang'oa sumaku za baba. Mpya zilikuwa pana kuliko tundu, nikachukua patasi nikachonga mbao. Mbao ikishachongwa haina kurudi nyuma. Gitaa lile sasa linalia kama kengele ya shule.

Mama nimemwambia nilipotoshwa na neno, akanihurumia. Wewe siwezi kukudanganya. Ulikuwa umeandika kwamba nyuzi zinalegea, na mtoto wa fundi redio anajua sumaku hailegezi uzi. Nilielewa vizuri ulichotaka. Nilijifanya sielewi.

Baba alipokuwa akizisokota nyaya zile, wewe ulikuwa mpirani. Mimi ndiye niliyemshikia taa mpaka mkono ukafa ganzi, mkaniita Mshika Taa, nami nikacheka pamoja nanyi. Kisha gitaa akakupa wewe. Nilipiga makofi siku ile, na roho iliniuma, na haijaacha kuniuma. Nilitaka masikio yale yakae kwangu walau mara moja. Nikayafunga kwenye gitaa langu la buluu, nikapiga.

Mama akaacha kuosha vyombo, akauliza kutoka jikoni wewe umefika saa ngapi. Nikamjibu kwamba ni mimi. Akaguna, akaendelea na vyombo vyake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikumbuka Jumamosi, nikamkumbuka na wifi anayekusubiri upate kazi. Kwa hiyo lililomo humu mfukoni si lako. Ni langu la buluu, lenye shingo iliyonyooka na masikio ya baba. Nimelijaribu nyimbo kumi, nyuzi hazijalegea. Nimebaki na lile jeusi nililoliharibu, na ni haki yangu.

Kasirika, lakini baada ya Jumamosi. Kwa sasa lipige bila hofu. Wakikuchukua, baki nalo. Naomba kitu kimoja tu: mkuu wa bendi akiuliza nani aliyelitengeneza, usimtaje baba peke yake.

Mama anakusalimu, anasema ule. Nifikishie salamu kwa wifi, umwambie nguo zake alizoagiza kushonwa ziko tayari. Lile jina la zamani nimelichoka, ndiyo maana nasaini hivi.

Mdogo wako,
Fundi