Ili Punda Wanywe Maji

Ruiru, 1956

Dada yangu mpenzi Sidi,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Goti lako linaendeleaje? Na paa la jikoni, liliezekwa kabla ya mvua au bado unapika huku ukikinga matone kwa sufuria? Mimi naandika nikiwa nimeegemea ukuta, maana nikilala chali pumzi inakatika. Usishtuke kwa mwandiko. Mkono umechoka, lakini akili bado ninayo.

Daktari wa Thika ameniambia kwamba moyo wangu umedhoofika. Miguu imevimba hata viatu haviingii. Nilimwuliza nimebakiwa na muda gani, akatazama dirishani, akasema afadhali nirudi kwa watu wangu. Nilimwelewa.

Sidi, katika kila barua umeniita nyumbani, nami kila mara nimekujibu kwamba siwezi kuja, kwa kuwa wanyama hawa hawana mtu ila mimi. Leo nataka kukuambia ukweli, nisije nikazikwa nao.

Unajua kwamba nilipoacha ukarani wa shamba la kahawa nilikabidhiwa boma la chama cha kuokoa wanyama, hapa karibu na mto. Tuna punda waliochubuliwa migongo na mikokoteni, na mbwa walioachwa nyuma wakati watu walipohamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kuingizwa katika vijiji vya Serikali. Chama kinaongozwa na mama mmoja wa Kizungu wa Thika. Hakiajiri vibarua. Kazi yote ya maji na majani hufanywa na watu wa kujitolea.

Watu hao walikuwa wanawake wa kijiji. Mkubwa wao, ingawa hakuna aliyemchagua, alikuwa Nyokabi, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mpole. Aliniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Alikuwa akileta maganda ya viazi ndani ya kiondo, akimwambia punda mmoja mkongwe, "Kula, wewe. Hata bwana yangu alizikwa akiwa mnene kukushinda." Wenzake wakicheka, nami nikicheka.

Tatizo lilikuwa utaratibu. Jumapili baada ya ibada walikuja wote, wakajaza hori hadi maji yakamwagika, mbwa wakalishwa na huyu na tena na yule. Jumatano hapakuwa na mtu. Nikapanga zamu. Walinisikiliza, wakaitikia, kisha wakaendelea kuja walivyozoea. Nikiuliza, Nyokabi alinijibu, "Guka, usijali. Leo tulikuwa kwa Wangari kupalilia. Kesho tutakuja sisi wote."

Mama wa chama alifika Jumatano moja akakuta hori kavu. Hakugomba. Alisema akikuta hivyo tena atafunga boma na wanyama watapigwa risasi, kwa kuwa risasi ina huruma kuliko kiu.

Sasa sikia nilichofanya. Watu hapa wanaishi ndani ya uzio. Asubuhi filimbi inapigwa, wanatoka kwenda kuchimba handaki au barabara bila malipo, na asiyetoka anafungwa. Wanaowasimamia ni walinzi wa kijiji, wale wanaoitwa hodigadi. Nilikuwa nikiyaona hayo kila siku kwa macho yangu. Na bado nilikwenda kwa mkuu wa walinzi hao, nikavua kofia, nikamwomba aziingize zamu zangu katika filimbi yake.

Alifurahi. "Karani, mbona ulichelewa? Hii watu haijui kujitolea mpaka isukumwe."

Hori halikukauka tena. Ndipo nilipokuandikia kwamba mambo yamenyooka. Lakini wanawake waliacha kuzungumza. Maganda ya viazi hayakuja. Siku moja nilimwona mwanamke aliyezoea kuwaimbia punda akimpiga mmoja usoni kwa ndoo tupu, kwa sababu hakusogea upesi. Niliona, nikageuka, nikajifanya natengeneza lango.

Kisha ikafika zamu ya Nyokabi, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa. Hakutoka. Walimfungia kituoni hadi kesho yake, mtoto akabaki kwa jirani akimlilia mama. Mtoto alipona. Sikwambii hivyo ili nijitetee, ila nakujua, ungekaa ukimwaza.

Nilirudi kwa mkuu nikamwomba azitoe zamu zangu katika filimbi yake. Akacheka. "Mzee, uliomba watu, nikakupa watu. Sasa hutaki. Haya." Filimbi ya zamu zangu ikanyamaza, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga bomani.

Nimekuwa nikiteka maji peke yangu. Nusu ndoo, napumzika, nusu ndoo tena. Juzi nilianguka ukingoni mwa mto, nikabaki nimekaa kwenye tope, nikiwasikia punda wakilia wala siwezi hata kutambaa. Nilimwomba Mungu anichukue, kisha nikaogopa asije akanisikia kabla hawajanywa. Mpita njia alinivuta hadi juu.

Jana nilijikongoja mpaka kwa Nyokabi. Alikuwa akimenya viazi. Hakunipa kiti.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia.

"Omba."

Nikaomba, nikiwa nimesimama. Yote niliyokuandikia hapa nilimwambia, hata ile habari ya kofia.

"Umemaliza, Karani?" Neno Guka lilikuwa limekwisha.

"Nimemaliza. Wanyama wanakufa kwa kiu, Nyokabi."

"Hiyo punda haijanikosea kitu. Unafikiri siisikii ikilia?"

"Basi njooni. Zamu upange wewe."

"Zamu tena. Karani, sisi tunalimiana mashamba tangu wakati wa nyanya zetu. Mwenye mtoto mgonjwa anamwambia mwenzake, mwenzake anaenda, imekwisha. Hayo maneno ya risasi, ulituambia lini?"

Sikuwahi kuwaambia. Niliona ni mambo ya ofisi.

"Ungesema tu Jumatano ni mbaya, wanyama watauawa," akasema. "Hakuna mtu angelala. Lakini wewe ulienda kwa wenye filimbi."

"Sasa mnajua."

"Sasa tunajua, na tutakuja. Lakini si wewe ukiwa hapo. Nikikuona kwa lango, hiyo ndoo inakuwa ndoo ya kufungwa. Enda kwenu. Siku utapanda treni, sisi tutateka maji."

"Mimi ni mgonjwa. Naweza kufia njiani."

Aliiangalia miguu yangu kwa kitambo. "Naona," akasema, akaendelea kumenya.

Ndivyo ilivyo, Sidi. Nilikuandikia kwamba wanyama hawawezi kuishi bila mimi. Kweli ni kwamba hawawezi nami nikiwapo. Umenililia miaka mingi nije, na sasa ninakuja kwa kuwa nimefukuzwa, na aliyenifukuza ana haki. Usinipokee kama mtu aliyetimiza kazi yake.

Nitapanda treni ya Ijumaa hadi Nairobi, kisha ile ya pwani, nishuke Mazeras. Tumeni mtu stesheni mwenye mkokoteni, maana sitaweza kutembea. Kama nitashushwa nikiwa nimefunikwa, msiwalaumu watu wa reli.

Msalimie shemeji Kenga, fundi wetu seremala. Asianze kuchonga chochote kabla sijafika, lakini mbao azikaushe. Msalimie binti yako Dama, mwalimu wa watoto wa kanisani, na mama mkwe wako ambaye hajawahi kunipenda. Mwambie macho yake hayakukosea. Mchungaji mwambie nina neno la kumwambia, asisafiri.

Kifo sikiogopi sana, dada. Kinachonikaba ni Ijumaa hiyo. Treni itaondoka, na sitajua kama wameteka maji. Ili wanywe, ni lazima mimi nisiwepo kuona.

Ni mimi ndugu yako, ninayekuja Mungu akiniruhusu,

Zakaria