Yaliyosemwa na Maua

Tabora,
7 Mei 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na karanga mmemaliza kung'oa? Mimi ni mzima wa mwili.

Mafunzo ya ushauri yanaendelea. Kila Jumatano akina mama wa mjini huja kutueleza shida zao, mmoja mmoja, chumbani. Mwalimu wetu, Bi Eustadia, ametuapisha: linalosemwa mle halitoki, wala hatwendi nyumbani kwa mtu bila ruhusa yake. Kila mama humchagua msichana wa kuzungumza naye. Humchagua Veneranda. Ndiye wa mwisho darasani, Mama, lakini benchi lake hujaa, nami nimekaa nachonga penseli.

Nilikuwa na mmoja tu: Maua, mke wa Nassibu seremala wa Gongoni. Mume humpiga. Alinieleza kwamba Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu atapanda treni ya Kigoma arudi kwao Ujiji, moja kwa moja. Nilimwambia avumilie. Wiki iliyofuata akakaa benchi la Veneranda. Na jana, natoka kanisani, nikamwona Veneranda akitoka nyumbani kwa Maua, anacheka! Nataka kumshtaki. Unasemaje?

Mwanao,
Tekla

Kigwa,
14 Mei 1956

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, karanga zimebaki matuta mawili. Barua yako Katekista Sylvester alitusomea uani kama kawaida, majirani wamejaa. "Huyu mtoto kasoma!" alisema Tatu, aliyekuja kuazima kinu, akaomba pale pa Gongoni parudiwe.

Ulipokuwa mdogo, ukiona dada yako Minza kabebwa, ulilia mpaka nikubebe wewe, miguu yako inaburuta chini. Umekua sasa. Muulize mwenzio kwanza, uso kwa uso.

Mama yako,
kwa mkono wa Sylvester

Tabora,
31 Mei 1956

Mama,

Shikamoo. Poleni na kazi. Barua yako niliisoma harakaharaka. Habari za Minza zilinikasirisha.

Sikumuuliza Veneranda. Jumatatu Nassibu alimkamata Maua stesheni mbele ya watu, akaichana tiketi. Alijua siku, alijua na treni. Maua amelazwa, mkono umevunjika. Bi Eustadia akauliza nani katoa siri. Nikasimama nikasema nilichokiona Gongoni.

Veneranda alikubali kwamba alikwenda. Alimpelekea dawa ya kuchua mbavu. "Lakini sikusema neno kwa mtu," akaniambia. "Tekla, wewe unanijua." Nikatazama daftari langu.

Ameondolewa, amerudi kwao Cheyo. Jana watatu walikaa benchi langu. Nilifurahi, Mama. Nakuambia wewe tu.

Mwanao,
Tekla

Kigwa,
6 Juni 1956

Tekla,

Hatujambo. Sylvester alipofika kwenye tiketi aliacha kusoma, akawaambia watu waende makwao.

Mwanangu, Tatu ni shangazi yake Nassibu. Siku ya tatu baada ya barua yako alipanda treni kuja Tabora. Alituaga kwamba anakwenda kununua kanga. Sikujua kilichompeleka, na undugu wao sikukujulisha, nisamehe. Lakini barua zako husomwa hadharani tangu uende shule. Hilo ulilijua.

Mama yako

Tabora,
11 Juni 1956

Mama,

Shikamoo. Nililijua. Nilipoandika jina la Maua niliwaona ninyi nyote uani mkinisikiliza, nikaandika vizuri zaidi.

Barua zako nimempa Bi Eustadia. Nami nimeondolewa, Veneranda ameitwa arudi. Nilikwenda Cheyo kumwambia mwenyewe. Alikuwa anatwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutwanga, hakunikaribisha kiti. Hospitali nako nilikwenda. Maua alipofumbua macho aliuliza, "Veneranda yuko wapi?" Mama, hata pale, karibu na ule mkono, niliona wivu.

Nitashuka Kigwa Jumamosi. Barua hii Sylvester asiifiche. Aisome uani, polepole, Tatu akiwepo. Na pale penye jina la Veneranda, parudiwe.

Mwanao,
Tekla